Mwenyekiti, Kiti Si Chako

Wasee, leo naungama. Kuna kiti kimekaa chumbani kwangu miezi minane na si changu.

Ni kiti cha kukunja. Tulikitengeneza kikundi chetu cha maigizo pale chuoni kilipocheza Julius Caesar. Nilipata mtandaoni picha ya sarafu ya Kirumi yenye kiti hicho, nikaichora, nikampelekea fundi. Miguu imepinda na inapishana kama herufi X, na hakuna pa kuegemea. Cha Warumi kilipambwa kwa pembe za ndovu. Chetu kilipakwa rangi nyeupe iliyobaki hosteli ilipokarabatiwa.

Warumi walikiita sella curulis. Wanajeshi kambini walikuwa na vigoda vyao vya kukunja, lakini hiki kilikuwa cha wakubwa, kama makonsuli waliotawala na mapretori walioamua kesi. Kilibebwa, kikafunguliwa, mkubwa akaketi, kazi ikaanza. Na makonsuli walichaguliwa wawili kwa mwaka mmoja tu. Mwaka ukiisha, cheo kimeisha.

Sasa sikia hii. Mwaka wa 67 KK, pretori mmoja, Lucius Lucullus, hakusimama konsuli Acilius alipopita. Konsuli akaamuru kiti cha pretori kivunjwe. Mimi ningezua vita, kusema ukweli. Mwanahistoria Cassius Dio anasema Lucullus hakukasirika. Tangu hapo yeye na wenzake wakawa wanatoa hukumu wakiwa wamesimama. Yaani kiti kilivunjika, kazi ikaendelea.

Halafu kuna Caesar mwenyewe. Februari 44 KK alikuwa ameketi kwenye kiti cha dhahabu Mark Antony alipojaribu kumvika taji. Alikuwa tayari ni dikteta wa maisha. Machi 15 wakamuua.

Haya yote nilikuwa nayajua. Niliwasomea wenzangu kabla ya mazoezi, tena kwa madaha.

Lakini mimi nilichaguliwa mwenyekiti wa kikundi kwa mwaka mmoja. Mwaka ulipoisha nikasema tungoje mitihani. Kisha tungoje likizo iishe. Kisha tungoje shoo kubwa. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza, anayeandika michezo kutushinda sote, akauliza kwenye grupu: "Uchaguzi ni lini?" Nikamjibu kwa emoji ya kucheka. Wengine nao wakacheka. Kesho yake akatoka kwenye grupu.

Na mimi ndiye nawaandikia hapa kila siku kuhusu wanasiasa wasioachia viti. Aibu yangu.

Nadhani hata neno lenyewe lilinidanganya. Mwenye kiti. Nikadhani ni changu kweli, hadi nikakibeba nyumbani shoo ilipoisha. Na wala hakikaliki! Ukikaa nusu saa mgongo unalia.

Jumamosi nilikikunja nikapanda nacho matatu. Konda akaniuliza kama ni kitanda cha mtoto, akanidai nauli ya mzigo. Nimekirudisha stoo ya kikundi. Uchaguzi ni Ijumaa na mimi sigombei.

Wewe je, unakalia kiti gani ambacho muda wake uliisha kitambo?

Yule dada nimemwandikia kumwomba msamaha, nikamwambia nafasi iko wazi. Tiki zimegeuka buluu tangu jana. Bado hajajibu, na siwezi kumlaumu.