Hesabu ya Vijiji na Wastani Wake

Sisi tufundishao hesabu katika nchi ya Ugogo huombwa mara nyingi na wazee tuwasomee orodha za mavuno. Kazi hiyo imetuonyesha jambo moja ambalo yafaa kila msomaji alijue.

Hesabu za nchi yetu zimepangwa kama vikapu, kimoja ndani ya kingine. Kaya zimo ndani ya kitongoji, vitongoji ndani ya kijiji, vijiji ndani ya kata, kata ndani ya wilaya, na wilaya ndani ya mkoa. Katika sensa ya Agosti 2022 makarani walipita kaya kwa kaya. Na hesabu zao zilipojumlishwa, Mkoa wa Dodoma ulionekana kuwa na watu 3,085,625.

Kujumlisha si kazi ngumu. Penye mtego ni kwenye wastani. Tuseme kitongoji kimoja kina kaya 10 zilizovuna magunia 80 ya uwele na mtama. Wastani wake ni magunia 8 kwa kaya. Cha pili kina kaya 40 zilizovuna magunia 120. Wastani wake ni 3. Karani mwenye haraka hujumlisha 8 na 3, akagawanya kwa mbili, akaandika 5 na nusu. Lakini kwa kweli magunia ni 200 na kaya ni 50, yaani magunia 4 tu kwa kaya. Basi ikiwa kaya yahitaji magunia 5 mpaka mavuno mengine, hesabu ya kwanza yasema kijiji kimeshiba, na ya pili yasema kina njaa!

Kwa hiyo katika kila kikapu yatupasa kuandika namba mbili: jumla ya magunia na idadi ya kaya. Tupandapo ngazi, tujumlishe magunia na magunia, kaya na kaya. Kugawanya kuje mwisho. Hata kompyuta, isipoagizwa hivyo, hukosea vilevile.

Wala tusivitupe vikapu vya ndani tukiisha kupata jibu. Maana hata ile 4 ya kweli haizionyeshi kaya 40 zenye magunia 3. Nchi hii iliijua njaa ya Mtunya, miaka ya 1917 hadi 1920. Mwenye kugawa chakula akiwa mbali huiona namba tuliyoandika, hakioni chungu kitupu. Basi aandikaye orodha ya kijiji chake na ajue ya kuwa ameshika chakula cha wenzake mkononi.