Miaka Sita Ukweni Bila Stori, Kumbe Dawa Ilikuwa Kwenye Treni Ndogo

Kuna wakwe wanaokusema, na kuna wakwe wanaokunyamazia. Jamaa mmoja wa Tabora, fundi umeme aliyeoa Ujerumani, alipata wa aina ya pili. Miaka sita ya ndoa, kila Jumapili ukweni ni salamu, kahawa, kipande cha keki, halafu baba mkwe anashuka zake chumba cha chini na kufunga mlango.

Huko chini kuna treni. Usicheke. Ujerumani hiyo ni hobi ya watu wazima na akili zao. Hamburg kuna Miniatur Wunderland, iliyofunguliwa 2001 na ndugu wawili mapacha, na watu wanapanda ndege kwenda kuiangalia. Treni za mzee ni za saizi hiyohiyo, ndogo mara 87 kuliko za kweli. Ameijenga zaidi ya miaka 30, ghorofa tatu zinazozunguka kuta zote, na pembeni kuna njia inayojizungusha kama ngazi ya mnara ili treni ipande kutoka ghorofa moja hadi nyingine.

Halafu mwaka jana mzee akapata kiharusi. Mdomo ulirudi, miguu ikarudi nusu, mkono wa kulia ukagoma. Na hapo ndipo ishu ilipoanza.

Mfumo wa zamani wa treni hizi unaendesha reli, hauendeshi treni. Ukizungusha nobu, umeme unaingia kwenye reli na kichwa chochote kilichosimama hapo kinaondoka. Ukitaka treni mbili zitembee kila moja kivyake, unakata reli vipande vipande, kila kipande na swichi yake, na unazikimbiza swichi kabla treni haijafika. Mzee alikuwa na swichi zaidi ya 40 kwenye mbao tatu, moja kila ghorofa. Kwa mkono mmoja na fimbo? Haiwezekani. Akaacha kushuka. Akawa anakaa dirishani tu.

Shemeji mtu akaona fursa. “Tuuze yote, chumba kipangishwe.” Akaanza kutafuta mteja. Mzee hakujibu kitu, na waliomjua walisema hicho ndicho kilichowatisha.

Jamaa wa Tabora akaomba ufunguo. Alishuka mara ya kwanza tangu aoe, akakaa saa mbili akifuatilia nyaya, akapanda na kusema, “Baba, swichi hizi zinaweza kuondoka zote. Ukabaki na rimoti moja ya mkono wa kushoto.”

Mzee akamwangalia. “Utaniharibia.”

“Nitaanza na ghorofa moja. Usipoipenda, nakurudishia kama ilivyokuwa.”

Alichokuwa anazungumzia ni mfumo wa kidijitali unaoitwa DCC. Asili yake ni hukohuko Ujerumani, kampuni ya Lenz, na miaka ya 1990 chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani kikaufanya kiwango cha wazi, ndiyo maana vifaa vya kampuni tofauti vinaelewana. Humo umeme wa kama volti 15 unakaa kwenye reli muda wote, umebeba amri. Kila kichwa cha treni kinafungwa dikoda, kidude kidogo kuliko kidole gumba, na kinasikiliza namba yake tu. Zingine zote zinasimama palepale.

Kwa maneno ni rahisi. Kazi yenyewe iliwala miezi minne.

Kwanza nyaya. Kila ghorofa ilipitishiwa waya mnene chini ya meza, na kutoka hapo vijiwaya vinalehemewa kwenye reli kila baada ya hatua chache. Ile ngazi ya kuzunguka ina nusu kipenyo cha sentimita 60, kwa hiyo mzunguko mmoja ni karibu mita 3.8, na mizunguko mitano ni mita 19. Ukitegemea viungio vya reli peke yake, umeme unachoka njiani na treni inafia katikati ya mlima.

Pili, shoti. Mara ya kwanza behewa moja lilianguka ghorofa ya chini na nyumba nzima ya treni ikazima. Jamaa akaigawa: kila ghorofa breka yake, na ngazi nayo yake. Halafu akapita na sarafu, akiilaza juu ya reli mbili kila sehemu kuona kama breka inakata haraka. Isipokata, waya ni mwembamba au kiungo ni kibovu. Mzee alikuwa kwenye kiti akimwonyesha kwa fimbo pa kujaribu. Hakuacha hata kona moja.

Tatu, vichwa vyenyewe. Vile vya zamani mota imegusana na bodi, na usipoitenga kwanza, dikoda inaungua. Moja iliungua. Mzee alinusa ule moshi, kwa mara ya kwanza akacheka.

Halafu ikaja siku ya kujaribu vichwa viwili pamoja. Nobu ikazungushwa, vyote vikaondoka! Kumbe dikoda mpya zote hutoka kiwandani na namba 3. Ikabidi kila kichwa kipewe namba yake, na hapo fundi akamwachia mwenye mali. Mzee alivibatiza vyote 22, kimoja kimoja, kwa kidole cha kushoto.

Kilichofuata hakikuwa kwenye mpango. Mfumo huu unaruhusu rimoti zaidi ya moja kwenye reli moja. Kwa miaka 30 dereva alikuwa mmoja tu. Jioni moja mzee alitoa ya pili kwenye boksi, akamsukumia mkwe wake.

“Baba yako alikuwa anafanya kazi gani?”

Miaka sita, swali la kwanza.

“Reli, baba. Stesheni ya Tabora. Njia inapogawanyika kwenda Kigoma na Mwanza, yeye ndiye alikuwa anabadilisha.”

Mzee akatikisa kichwa taratibu. “Basi chukua ghorofa ya juu. Mimi nakuja na mizigo kutoka chini. Usinifungie njia.”

Shemeji bado anataka kuuza, na nyumba ni ya urithi, ana haki ya kuongea. Mteja alikuja wiki iliyopita na bei nzuri. Mzee akamwambia asubiri, kuna treni ipo kwenye ngazi.

Haya wadau, mngekuwa nyinyi, mngeuza?