Bingwa Asiyetangulia

Mwaka 1989 ubingwa wa Uingereza wa mbio za magari ya saluni ulichukuliwa na dereva ambaye, kwa msimu mzima, hakuwahi kuwa wa kwanza kuvuka mstari wa kumalizia. Dereva huyo ni John Cleland, mtu wa Scotland, na gari lake lilikuwa Vauxhall Astra yenye injini ya lita 2.0. Mbele yake, mbio baada ya mbio, zilitangulia Ford Sierra RS500 zenye turbo na nguvu za farasi zipatazo 500. Nguvu ya Astra haikufikia nusu ya hiyo. Hata hivyo hapakuwa na hila wala upendeleo. Kila pointi ilihesabiwa kwa kanuni iliyojulikana na wote kabla ya msimu kuanza.

Kisa hiki hukitumia katika semina zangu tunapojadili haki na usawa, na kila mwaka darasa hugawanyika. Wako wasemao kwamba bingwa asiyetangulia si bingwa, na kwamba huko ni kuwafariji wanyonge. Wako wasemao kwamba haki ni kumpima mtu kwa kile alichokabidhiwa. Mimi ni wa kundi la pili, lakini kwa sharti moja nitakalolieleza.

Kwanza tuuelewe utaratibu wenyewe. Magari yaligawanywa katika madaraja kwa ujazo wa injini, na mwaka 1989 madaraja yalikuwa manne. Yote yalishindana kwa pamoja, katika uwanja mmoja. Pointi, hata hivyo, zilitolewa kwa nafasi ya dereva ndani ya daraja lake, kisha pointi za madaraja yote zikaingizwa katika jedwali moja la ubingwa. Injini ya Sierra nayo ilikuwa na ujazo wa takriban lita 2.0, sawa na ya Astra, lakini waandaaji hawakudanganyika na tarakimu. Walijua kazi ya turbo, hivyo ujazo wa injini za namna hiyo ulizidishwa kabla ya kupangiwa daraja, na Sierra ikawekwa daraja la juu kabisa. Huko akina Andy Rouse, Robb Gravett na Tim Harvey walinyang'anyana pointi wao kwa wao, huku Cleland akivuna za kwake kwa uthabiti.

Wazee husema mwenye nguvu mpishe. Katika mbio hizi dereva wa gari dogo alimpisha mwenye nguvu kila walipokutana, na bado aliweza kuondoka na taji. Bill McGovern alifanya hivyo miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1970 hadi 1972, akiendesha Sunbeam Imp yenye injini isiyofika lita moja, katika zama ambazo Mustang na Camaro za silinda 8 ndizo zilizokuwa zikinguruma mbele.

Sharti langu ni kwamba mgawanyo wa madaraja usigeuke maficho. Mfumo huu ulikuwa na udhaifu wake: dereva aliyeingia daraja lenye wapinzani wachache au dhaifu aliweza kukusanya pointi kwa urahisi, ilhali wenzake wa daraja lenye msongamano wakiumizana. Kwa hiyo anayechora mipaka ya madaraja ana mamlaka makubwa kuliko dereva yeyote, na mamlaka hayo yanahitaji kuhojiwa kila msimu.

Msimu wa kwanza kabisa, wa 1958, unatupa kipimo kingine. Jack Sears na Tommy Sopwith, waliotoka madaraja tofauti, walimaliza wakiwa na pointi sawa. Wazo la kurusha sarafu lilikataliwa. Badala yake zililetwa Riley mbili za aina moja katika uwanja wa Brands Hatch. Wakashindana mizunguko mitano, wakabadilishana magari, wakashindana mingine mitano, mvua ikinyesha. Sears alishinda kwa tofauti ya sekunde 1.6. Hapo swali la nani dereva bora lilipata jibu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameketi katika kiti cha mwenzake.

Mwaka 1991 Waingereza waliyafuta madaraja; magari yote yakawa ya lita 2.0. Watazamaji walifurahia, kwani aliyetangulia ndiye aliyeshinda, bila hesabu za pembeni. Lakini usawa wa ujazo haukuleta usawa wa mifuko. Kampuni za magari ziliingia kwa fedha nyingi, gharama zikapanda, na kufikia mwaka 2000 kampuni zilizosalia zilikuwa tatu tu: Ford, Honda na Vauxhall. Mwaka huohuo madaraja yakarudi, na mwaka uliofuata kanuni zilibadilishwa.

Kwa nini jambo hili linihusu mimi, mwalimu wa Kiafrika? Kwa sababu nasi tuna mbio zetu. Kwa miaka mingi Tanzania ilitangaza shule kumi bora kila matokeo ya mitihani yalipotoka. Shule ya bweni yenye maabara, maktaba na wanafunzi waliochujwa kabla ya kupokelewa iliwekwa katika orodha moja na shule ya kata ambayo mwanafunzi wake hutembea kilomita kadhaa asubuhi na kumkuta mwalimu mmoja wa hisabati kwa kidato kizima. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha hiyo. Niliunga mkono, kwa kuwa ule ulikuwa ushindani wa uongo.

Lakini kuacha kutangaza si sawa na kupima kwa haki. Matokeo ya kila shule bado yanachapishwa, na yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuipanga orodha ileile nyumbani kwake. Mwaka 1989 hakuna aliyeficha kwamba Sierra ilikuwa na kasi kuliko Astra. Saa ilisomwa hadharani, na kazi ya kila dereva ikapimwa kando yake. Sisi tumeiacha saa, na kipimo cha pili hatujakiweka. Mwalimu wa shule ya kata aliyewapokea watoto wenye alama za chini kabisa akawavusha wengi hana jedwali linalomtambua, na afisa elimu anayegawa walimu hana pa kumwona.

Watumishi wa umma mnaosoma hapa mna takwimu zinazohitajika: idadi ya walimu, madawati, umbali, na alama za mwanafunzi alipoingia. Chapisheni matokeo pamoja na hizo, shule kwa daraja lake, na mipaka ya madaraja iwekwe wazi ili ihojiwe. Kisha ipelekeni bajeti kule ambako dereva ni hodari na gari ni bovu.