Safari ya Nagoya Iliyopangwa Ziwani

Wahenga walinena kwamba tembea uone, lakini hawakutuambia nauli itatoka wapi. Mpenzi msomaji, swali hilo ndilo lililonikalisha mimi na baba likizo ya Agosti, kalamu mkononi na daftari la hesabu mbele yetu, tukipanga matembezi ya wiki moja katika mji wa Nagoya, nchini Japani. Usicheke kwanza. Najua wengi wenu mkisikia Japani mnafikiria Tokyo. Subiri nikueleze.

Baba ni fundi wa magari, jua kali, papa hapa Ziwani. Tangu nipate akili, injini nyingi nilizomwona akizifungua zimetoka Japani. Magari ya mtumba ya huko yanatufaa kwa sababu Wajapani nao huendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani ukiwa kulia. Huteremshwa Mombasa, na sheria yetu hairuhusu gari lililozidi umri wa miaka minane. Mengine hufika na vibandiko vya Kijapani bado viko kwenye kioo, na redio ambayo haishiki stesheni zetu nyingi kwa kuwa masafa ya huko huishia chini ya yetu. Baba ameyasoma magari hayo kwa vidole zaidi ya miaka ishirini, lakini ndege huiona ikipita juu tu.

Sasa kwa nini Nagoya? Huu ni mji wenye watu zaidi ya milioni mbili, na ndani yake mna makumbusho ya Toyota yaliyofunguliwa mwaka wa 1994 katika kiwanda cha zamani cha matofali mekundu. Kiwanda hicho hakikuwa cha magari, kilikuwa cha nguo! Mwenyewe, Sakichi Toyoda, alizaliwa mwaka wa 1867, mtoto wa seremala. Alianza kwa kuunda mtambo wa mbao wa kufumia nguo, na mwaka wa 1924 akakamilisha mtambo unaosimama wenyewe uzi ukikatika. Mwanawe, Kiichiro, ndiye aliyegeukia magari. Yeye na wenzake walinunua gari la Kimarekani, Chevrolet, wakalifungua kipande kwa kipande ili wajue linavyofanya kazi. Mwaka wa 1937 kampuni ya magari ikaanzishwa.

Nilipomsomea baba habari hiyo aliweka spana chini, akaniangalia. "Kumbe walianza kama sisi," akasema. "Wakafungua gari la wenyewe." Tangu siku hiyo akawa anataka kwenda kuona mahali hapo kwa macho yake.

Mtu akiomba viza ya utalii ya Japani hutakiwa kuandika ratiba ya kila siku: tarehe, atafanya nini na atalala wapi. Kwa hivyo hatungeweza kusema tu "tutazunguka". Tukaandika hivi.

Siku ya kwanza ni kufika. Hakuna ndege itokayo Nairobi moja kwa moja hadi Nagoya, kwa hivyo mtu hupitia mji kama Dubai au Doha hadi Tokyo, kisha anapanda treni ya kasi. Treni hiyo ilianza tarehe 1 Oktoba 1964, na mwendo wa kilomita 366 hadi Nagoya huchukua kama saa moja na dakika arobaini. Siku ya pili ni makumbusho, kutwa nzima, na baba alisema nisithubutu kuchanganya na kitu kingine. Siku ya tatu ni bandarini, kwa maana Nagoya ni bandari kubwa ya kupakilia magari ya kuuzwa ng'ambo. Siku ya nne ni ngome iliyoanza kujengwa mwaka wa 1610 kwa amri ya Tokugawa Ieyasu. Iliteketezwa kwa mabomu mwaka wa 1945 na kujengwa upya mwaka wa 1959, na juu ya paa lake kuna samaki wawili wa dhahabu. Jioni yake tungezuru Osu, mtaa wa maduka ambako, ajabu iliyoje, nguo za mtumba huuzwa kama Gikomba! Hapo tungekula mabawa ya kuku ya kukaanga, ambayo Nagoya inajivunia. Siku ya tano ni mji wa Toyota wenyewe, ambao uliitwa Koromo hadi mwaka wa 1959. Siku ya sita ni makumbusho ya treni. Ya saba ni Tokyo na kurudi.

Ya Tokyo niliiomba mimi. Humo ndimo Wilson Kiprugut alimoipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, mwezi ule ule treni ilipoanza. Humo humo, Septemba 2025, Emmanuel Wanyonyi akatwaa dhahabu ya dunia ya mbio hizo hizo.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza. Shilingi moja hununua yen moja na kidogo, lakini ili tusijidanganye tulizihesabu sawa. Tikiti tuliyotajiwa ni shilingi 140,000. Pasipoti 7,500. Malazi ya siku sita 36,000. Treni ya kwenda na kurudi 22,000. Chakula 21,000. Nauli za mjini na viingilio 15,000. Jumla 241,500 kwa mtu mmoja.

Mama, ambaye huuza ndara za ngozi Kariokor, alikuwa akisikiliza kimya huku akichambua mboga. Akauliza, "Baba watoto, na hizo siku zote gereji itafungwa. Hiyo mmeandika wapi?"

Tulikuwa hatujaiandika. Pamoja na safari yenyewe ni siku nane za kazi, na siku nzuri baba hubaki na 1,500. Hiyo ni 12,000 nyingine, ukiacha mteja atakayekwenda kwa fundi mwingine asirudi tena. Ama kwa hakika, likizo ya mtu wa mshahara na likizo ya mtu wa jua kali si kitu kimoja. Mmoja hulipwa akiwa amepumzika, mwingine hulipia kupumzika.

Baba akiweka shilingi 200 kila siku ya kazi, atakwenda peke yake baada ya miaka minne na kidogo. Tukiwa wawili ni karibu miaka minane. Gari linalotoka kiwandani leo litakuwa limekaribia kukatazwa kuingia Kenya siku ile sisi tunapanda ndege! Nikamwambia aende peke yake. Akakataa. "Nani atanisomea maandishi? Mimi niliachia darasa la saba."

Fauka ya hayo, mwombaji huonyesha kazi yake na pesa zake benki. Aliyeajiriwa hupeleka barua ya mwajiri. Je, baba barua yake ataandikiwa na nani? Ana leseni ya biashara na simu ambamo pesa huingia na kutoka siku hiyo hiyo. Basi Septemba alivaa shati safi, akaenda kufungua akaunti, ya kwanza maishani mwake. Mama alikubali kwa sharti moja: karo ya dada yangu chuoni itangulie, Nagoya ifuate. Muhula huu karo imechukua karibu yote. Zimebaki shilingi 1,400.

Wenzangu, wako watakaosema tulipoteza likizo yetu tukipanga tusichoweza. Mimi naona kinyume. Zamani Japani kwetu ilikuwa jina kwenye kibandiko cha kioo. Sasa tunajua ni shilingi ngapi, siku ngapi na karatasi gani. Ukiwa na ndoto, ichukulie daftari uiandikie bei, na usisahau kumwonyesha mama. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu kina 1,400 tayari.