Kuuzunguka Msitu wa Karura kwa Miguu

Wakazi wa Kayole, upande wa mashariki ya mji wa Nairobi, hawana msitu. Wanayo majumba ya mawe yaliyosongamana, wanayo maduka yaliyopangana kando ya Spine Road, na upande wa Njiru yako machimbo ya mawe ya kujengea. Lakini mti wa kumpa mtu kivuli ni wa kutafutwa. Kwa hiyo mwenye kutaka kutembea chini ya miti siku ya Jumapili hana budi kupanda matatu mpaka mjini, kisha apande nyingine ipitayo Limuru Road au Kiambu Road, ndipo afike Karura. Nauli mbili za kwenda na mbili za kurudi si kitu kidogo kwa karani mwenye watoto watatu, wala kiingilio cha langoni hakisameheki. Hata hivyo wako waendao, na safari yao yafaa kuelezwa kwa ajili ya wale ambao hawajafika huko.

Msitu huu una hekta 1,041, na serikali iliutangaza kuwa msitu wa hifadhi katika mwaka 1932. Limuru Road na Kiambu Road huukata vipande vitatu, na kipande cha katikati ndicho kikubwa. Ndani yake njia ni za udongo mwekundu, na kila njia panda pana nguzo yenye namba, hata mgeni asiyekuwa na mwenzi aweza kuzunguka na kurudi langoni bila kupotea. Wengine hukodi baiskeli, lakini mwenda kwa miguu huona mengi zaidi.

Mkulima aingiapo hapo hutazama miti kwanza. Mikaratusi ataitambua mara moja. Hiyo si ya asili ya nchi. Ilipandwa zamani ili kupata kuni za gari la moshi, na ye yote aliyewahi kuiotesha karibu na kisima chake ajua jinsi inywavyo maji. Hukatwa kidogo kidogo, na mahali pake hupandwa miti ya kwetu. Muhugu upo, ambao mchwa huushindwa na wachongaji huupenda, mtarakwa upo, na muthiga pia, ambao maganda yake huwasha ulimi kama pilipili na wazee huyatafuna kwa ajili ya kikohozi. Mtu asiyapapase maganda hayo kwa kisu, maana askari wa msitu hawana mzaha.

Njia nzuri kupita zote ni ile iufuatayo Mto Karura. Hushuka bondeni, hewa ikawa baridi, kelele za magari zikafifia. Mianzi mirefu huinamia maji. Kima huruka juu ya vichwa vya watu, na mwenye bahati huona pongo au paa akivuka njia. Mbega, ambao walikuwa wametoweka, waliletwa tena katika miaka ya 2010. Mbele kidogo maji huanguka kutoka urefu upatao meta 15, na karibu na hapo yako mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau husemekana kujificha ndani yake wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Watoto hupenda mapango kuliko maporomoko. Maji yenyewe ni ya kutazamwa tu. Mto hupita penye makao ya watu kabla ya kuingia msituni, nao haufai kunywewa.

Watembeao hapo kwa raha wajue kwamba msitu huu ulikuwa karibu kupotea. Katika miaka ya 1990 ardhi yake iligawanywa kwa siri kwa watu waliotaka kujenga. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, alipopata habari hiyo mwaka 1998 aliwaongoza watu kwenda kupanda miche mahali palipofyekwa. Tarehe 8 Januari 1999 alishambuliwa na vijana waliokodiwa, akapigwa kichwani hata damu ikamtoka. Hakuacha. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Majumba yaliyokusudiwa hayakujengwa.

Hata baada ya hayo watu wengi waliuogopa msitu kwa sababu ya wanyang'anyi. Ndipo lilipojengwa ua wa waya wenye umeme, na vijana wa Huruma, kijiji kilicho ukingoni mwa msitu, wakaajiriwa kuwa walinzi. Hilo lilikuwa jambo la busara kuliko ua wenyewe, maana waliokuwa wakikata kuni gizani ndio waijuao kila njia.

Mtu wa Kayole akisimama juu ya daraja dogo la mbao aweza kujiuliza maji haya yaenda wapi. Yaenda kwao. Mito ya Karura yote huishia katika Mto Nairobi. Mmoja wao, Gitathuru, hupita Mathare kwanza, ambako nyumba zimejengwa mpaka ukingoni. Mvua za mwezi wa Aprili 2024 zilipofurika huko, watu walikufa. Kisha Mto Nairobi hupita Dandora na jaa lake kubwa la takataka, ukaendelea kaskazini ya Kayole mpaka Athi, na mwisho baharini karibu na Malindi. Msituni mto una nafasi ya kupanuka mvua inaponyesha, chini hauna.

Chakula chaweza kuchukuliwa, ila si katika chupa za plastiki za kutupwa, ambazo zimekatazwa katika misitu ya hifadhi tangu Juni 2020. Viatu viwe vya kukamata udongo, hasa wakati wa masika, kwa kuwa mteremko wa kwenda kwenye maporomoko huteleza sana. Malango hufungwa saa kumi na mbili jioni, na atokaye mbali kama Kayole afadhali awe amekwisha kutoka saa kumi, kabla foleni za matatu mjini hazijawa ndefu.