Mlango Katika Mfupa

Kuna jambo tuliloliona mwaka 2023, siku zile watu waliokimbia vita walipojaa Bulengo, upande wa magharibi wa Goma. Tunaliandika ili wazazi wasikose kama tulivyokaribia kukosa sisi.

Mama mmoja wa shirika letu alitugongea usiku, amebeba mtoto wake wa miaka miwili. Kipindupindu kilikuwa kimemkausha: macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi, wala hakuwa na machozi ya kulia. Tukakimbia naye kwa waganga. Mwuguzi akatafuta mshipa mkononi, mguuni, hata kichwani, asiupate. Ndipo akachukua sindano nene, akashika mguu chini ya goti, mahali pa bapa upande wa ndani, akasukuma akizungusha mpaka ikaingia mfupani.

Mama akapiga kelele: "Mwalimu, mwambie aache! Anamtoboa mwanangu mfupa!" Nasi, pamoja na masomo yetu yote ya seminari, tukanyosha mkono kumzuia. Mwuguzi hakukasirika. Alisema tu: "Mwalimu, shika mguu huu usitikisike."

Tukaushika.

Baadaye alitueleza. Mwili ukikauka, mishipa hunywea kama mpira usio na maji. Lakini mishipa midogo iliyo katika uboho hainywei, kwa kuwa mfupa huizunguka kama kuta za nyumba. Serumu ikitiwa humo huingia katika damu kwa nukta chache. Sindano hiyo haikai zaidi ya siku moja. Mshipa wa kawaida ukipatikana, huondolewa. Wala njia hii si ngeni. Drinker wa Marekani alieleza mwendo wa damu katika uboho mwaka 1922. Mwaka 1984 Orlowski, aliyeiona ikitumika India wakati wa kipindupindu, aliwakumbusha waganga wenzake waliokuwa wameisahau.

Kwa nusu saa ya kwanza mtoto alipewa mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Kabla hakujapambazuka akalia, na machozi yakamtoka. Mama yake akacheka kwa kumsikia akilia.

Wazee wa Goma hawajasahau Julai 1994, kipindupindu kilipowaua wakimbizi wa Rwanda kwa maelfu. Tulidhani huruma ni kuuzuia mkono unaoumiza. Kumbe usiku ule mwenye huruma alikuwa yeye aliyeshika sindano. Basi, wazazi, mkiona jambo la kutisha kama hilo, ulizeni, lakini msizuie. Shikeni mguu.