Sakania kwa Mara ya Kwanza, Kumtafuta Mwingereza

Kwetu Lubumbashi Mwingereza alikuwa hadithi ya jioni tu: fundi wa reli, masharubu mekundu, akamzaa nkambo yangu, yule aliyemzaa mama, kisha akaenda zake. Zaidi ya hapo hakuna aliyesema kitu. Nikafunga safari ya Sakania, alikozaliwa nkambo, mji ambao sikuwahi kuukanyaga.

Tulipita Tshinsenda na Mokambo nyuma ya malori ya shaba, vumbi likiingia hata ndani ya mkate. Reli ililetwa kutoka upande wa Ndola na kampuni ya Kiingereza ya Pauling. Ilifika Sakania mwishoni mwa 1909, na Septemba 1910 ilikuwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kilomita 255 mbele. Kwa mwendo huo kambi ya wajenzi haikai mahali. Mtu aliweza kuacha mtoto bila kuacha jina.

Parokiani, katekista alinifungulia kitabu cha ubatizo, kurasa rangi ya chai, mwandiko wa padri umelala kama nyasi baada ya mvua. Jina la nkambo lipo. La mama yake lipo. Mahali pa baba, kistari.

Jioni nilipelekwa kwa bibi mmoja mzee sana. "Wewe ni wa kwa nani?" Nikataja mama, nkambo, na aliyemzaa nkambo. "Bena Mbushi!" akasema, na jirani yake, mzee wa bena Ngo, akanitazama juu hadi chini: leo chui amepata mbuzi wake. Ni utani wa koo hizo, tukacheka. Kwetu Balamba ukoo hupita kwa mama, na mjomba hurithiwa na mpwa. Ndiyo maana bibi alinihesabia wanawake watano juu ya nkambo bila kukwama, pamoja na ndugu walio Zambia, tuliotengwa nao na mpaka ambao Waingereza na Wabelgiji waliupima kati ya 1911 na 1914.

"Na yule Mzungu, nkambo?"

"Yule alikuwa mpita njia. Kula, bukari inapoa."

Niliudhika kidogo, lakini lengalenga ilikuwa tamu.

Ubelgiji iliwaomba radhi machotara wa Kongo, watu kama nkambo, Aprili 2019, na Hifadhi yake ya Nyaraka za Taifa huko Brussels huwasaidia kutafuta mafaili yao. Nitawaandikia wa Brussels pia. Ila wewe mwenye mzee aliye hai Sakania, Mokambo au Kipushi, usianze na barua. Nenda mwaka huu, umwulize majina ya mama zake, uyaandike.